Heroe na Ulinzi wa Ardhioevu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kigoma na Tabora

Maswali yaliyomo hapa ni yale ambayo wakazi wa Kigoma na Tabora hurudia kutuuliza shuleni, kwenye mialo ya wavuvi na katika maadhimisho ya Siku ya Ardhioevu Duniani, ambayo hufanyika tarehe 2 Februari kila mwaka. Mengi huanzia kwenye picha: mtu ameona katika simu kundi la ndege wa rangi ya waridi waliojaa kwenye maji ya pwani fulani, akataka kujua kwa nini watu wa huko wanalipigania eneo lile, na sisi wa huku bara linatuhusu nini. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, tumetaja namba ya swali badala ya kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Heroe ni ndege gani?

Heroe, ambaye wengi humwita flamingo, ni ndege wa majini mwenye shingo na miguu mirefu na mdomo uliopinda katikati kuelekea chini. Duniani kuna spishi sita, na Afrika ina mbili. Heroe mkubwa hufikia urefu wa sentimita 110 hadi 150, manyoya yake ni meupe yenye waridi hafifu, na mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Heroe mdogo ana urefu wa sentimita 80 hadi 90, rangi yake imekolea zaidi, na mdomo wake ni mwekundu wa giza.

Ukimtazama kwa karibu akila, utaona kwamba huinamisha kichwa mpaka kigeuke juu chini, sehemu ya juu ya mdomo ikielekea tope. Ulimi wake mnene husukuma maji ndani na nje kwa kasi, na vijitana vilivyopangwa kwenye kingo za mdomo hubakiza chakula, mfano wa chujio la tui linavyozuia machicha, isipokuwa kwamba hapa machicha ndiyo yanayoliwa. Heroe mkubwa hukamata viduduvamba (viumbe wadogo wa majini) na konokono wadogo, ilhali heroe mdogo huchuja vijimea vidogo mno vinavyoishi katika maji ya magadi, maarufu zaidi vikiwa ni spirulina.

Heroe mkubwa hayumo hatarini kwa sasa. Heroe mdogo, ingawa bado anahesabiwa kwa mamilioni, amewekwa katika kundi la ndege wanaokaribia kuwa hatarini, kwa sababu maeneo anayozaliana ni machache mno. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa katika Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania.

2. Rangi ya waridi hutoka wapi?

Hutoka katika chakula. Vijimea na viduduvamba wanavyokula vina karotenoidi, yaani kundi lilelile la rangi linaloyapa mawese ya Kigoma wekundu wake. Kifaranga huanguliwa akiwa wa kijivu na huchukua miaka kadhaa kupata rangi ya wazazi wake, kwa hiyo heroe wa kijivu unaowaona pembeni mwa kundi si wagonjwa, bali ni vijana.

3. Ardhioevu ni nini, na ya pwani inatofautianaje na ya huku kwetu?

Ardhioevu ni eneo ambalo maji ndiyo yanayoamua aina ya udongo, mimea na wanyama waliopo, yawe maji ya kudumu au ya msimu, baridi au ya chumvi. Mkataba wa Ramsar, uliosainiwa nchini Irani tarehe 2 Februari 1971, unahesabu mabwawa, mbuga za mafuriko, maziwa, mito, mikoko, na hata maji ya bahari ambayo kina chake wakati wa maji kupwa hakizidi mita sita.

Katika pwani, kinachotawala ni kupwa na kujaa: tope hufunuliwa na kufunikwa kila siku, na maji ya mto hukutana na ya bahari. Huku kwetu kinachotawala ni masika na kiangazi. Mbuga za Malagarasi hupanuka mvua zinaponyesha na kunywea kuanzia Juni. Tanzania ina maeneo manne yaliyoorodheshwa chini ya mkataba huo: Malagarasi-Muyovozi (2000), Ziwa Natron (2001), Bonde la Kilombero (2002) na Rufiji-Mafia-Kilwa (2004). Watu wengi hushangaa kusikia kwamba la kwanza kuorodheshwa ni letu.

## Kwa nini heroe huvuta macho ya watu

4. Pwani ina viumbe wengi. Kwa nini heroe ndiye anayewafanya watu waijali?

Kwanza, anaonekana. Kaa wa mikokoni amejificha kwenye shimo, kamba yuko chini ya maji, na sululu anayekula kwenye tope ana rangi ya tope lenyewe. Heroe husimama mahali peupe, kwa maelfu, na mtu anaweza kumwona akiwa ndani ya basi bila darubini. Pili, hahitaji kufafanuliwa. Mtoto wa darasa la kwanza humtambua. Tatu, huja na kuondoka kwa makundi, na ujio wake huwa habari: watu husema "wamefika", kisha gazeti huandika, kisha diwani huulizwa kwa nini takataka zinamwagwa pale walipotua.

Hilo la tatu ndilo lenye nguvu zaidi kwa maoni yetu. Tope la pwani huonekana na wengi kuwa ni ardhi isiyo na kazi, inayongojea kufukiwa ijengwe. Ndege wakishasimama juu yake, anayetaka kulifukia analazimika kujieleza mbele ya watu.

5. Kuna mahali ambapo jambo hili limetokea kweli?

Yapo kadhaa. Katika jiji la Mumbai, India, heroe hukusanyika kwa maelfu kwenye hori la Thane, katikati ya viwanda na maghorofa. Sehemu ya hori hilo ilitangazwa kuwa hifadhi ya heroe mwaka 2015, na mwaka 2022 ikaingizwa katika orodha ya Ramsar. Kinachovutia zaidi ni kilichofuata. Wakati wa maji kujaa, tope la hori hufunikwa, na ndege huhamia kwenye mabwawa madogo yaliyo mjini, nje ya mpaka wa hifadhi. Wakazi wa Navi Mumbai ndio walioanza kudai mabwawa hayo yasifukiwe, kwa sababu waliwaona ndege wakitua hapo kwa macho yao wenyewe.

Kusini mwa Ufaransa, katika delta ya Camargue, heroe walikuwa wameacha kuzaliana kwa utulivu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilitengenezwa kisiwa cha udongo ndani ya mabwawa ya chumvi, na kuanzia mwaka 1974 wakatua na kutaga hapo. Kampuni ya chumvi na wahifadhi walilazimika kukubaliana kuhusu kina cha maji, jambo ambalo pengine lisingefikiriwa kwa ajili ya ndege asiyejulikana.

Hapa nchini, mpango wa kujenga kiwanda cha magadi katika Ziwa Natron ulizua upinzani mkubwa ndani na nje ya nchi, na mwaka 2008 mwekezaji mkuu alijitoa. Natron si pwani, lakini hoja iliyowakusanya watu ilikuwa ni ndege huyohuyo.

6. Je, heroe wengi ni ishara kwamba maji ni safi?

Hapana, na kosa hili hurudiwa mno. Vijimea anavyokula heroe mdogo hustawi palipo na virutubisho vingi, na maji taka ni chanzo kikubwa cha virutubisho. Katika hori la Thane, wingi wa heroe umehusishwa kwa sehemu na majitaka ya jiji. Bwawa la Kamfers, karibu na Kimberley nchini Afrika Kusini, hutegemea maji yanayotoka kwenye mtambo wa majitaka, na hata hivyo limekuwa miongoni mwa maeneo machache ambako heroe mdogo amezaliana barani Afrika; huko kilijengwa kisiwa kwa ajili yake mwaka 2006. Maji yalipopungua ghafla mapema mwaka 2019, vifaranga wapatao 2,000 waliokolewa na kulelewa kwa mikono katika vituo mbalimbali.

Idadi ya heroe hutueleza kwamba chakula kipo na kina cha maji kinafaa. Haituelezi kama maji yale yanafaa kunywewa, wala kama samaki wake ni salama.

7. Heroe wakihama, ina maana ardhioevu imekufa?

Si lazima. Ziwa Nakuru nchini Kenya lilijulikana duniani kote kwa heroe, lakini kina chake kilipoongezeka katika miaka ya 2010, magadi yakazimuka, vijimea vikapungua, na ndege wengi wakahamia kwingine, likiwemo Ziwa Bogoria. Ziwa halikufa, lilibadilika. Heroe ni ndege wa kuhamahama na hupaa usiku kutoka ziwa hadi ziwa. Anayejenga hoja yote ya uhifadhi juu ya ndege anayeweza kuondoka leo usiku anapaswa kuwa na hoja ya pili mkononi.

8. Viumbe wengine wa pwani hunufaika, au umaarufu unabaki kwa heroe peke yake?

Hunufaika kwa kiasi, na kiasi hicho kina mpaka. Heroe hutumia tope na maji mafupi yaliyo wazi. Haingii mikokoni. Mtu akichora mpaka wa hifadhi kwa kufuata mahali heroe wanaposimama, ataiacha mikoko nje, ilhali ndiyo makulio ya kamba na samaki, na ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki, haikupata umaarufu wake kwa heroe, na thamani yake inategemea maji baridi yanayoshuka kutoka bara, mamia ya kilomita mbali na bahari. Kwa hiyo heroe anafaa kuwaleta watu. Mpaka wa hifadhi uchorwe kwa kufuata maji.

## Kigoma na Tabora

9. Mbona huku hatuna heroe, na tuna maji mengi kuliko Arusha?

Wingi wa maji si hoja. Hoja ni aina yake. Heroe anahitaji maji mafupi, ya chumvi au magadi, yaliyotandaa mahali peupe. Ziwa Tanganyika lina maji baridi na kina cha mita 1,470. Kingo zake huzama haraka, na vijimea anavyokula heroe mdogo havistawi humo. Mbuga za Malagarasi na Ugalla ni fupi za kutosha, lakini maji yake ni baridi na yamefunikwa na mafunjo na matete, ambamo ndege wa miguu mirefu anayependa kuona mbali hawezi kukaa kwa amani.

10. Uvinza kuna chumvi tangu enzi za mababu. Kwa nini hawaji huko?

Swali zuri, na huulizwa zaidi na wenyeji wa Uvinza wenyewe. Chumvi ya Uvinza hutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi kando ya mto, ambayo watu wameyachemsha na kuyakausha kwa karne nyingi. Hizo ni chemchemi, si ziwa. Ili kundi la heroe lishibe linahitaji eneo pana lililojaa chakula. Tofauti na mabwawa makubwa ya chumvi ya Camargue (swali la 5), Uvinza haina eneo la aina hiyo.

11. Nimeona ndege wakubwa wenye wekundu nikipita Malagarasi kwa treni. Si heroe hao?

Inaelekea sana kwamba ni korongo wa mdomo wa njano, ambaye wakati wa kuzaliana manyoya yake meupe huingia waridi. Tazama mdomo: wake ni mrefu, wa njano, umenyooka isipokuwa ncha, na uso ni mwekundu usio na manyoya. Mdomo wa heroe ni mfupi, mnene na umevunjika katikati. Uwezekano mwingine ni mwari, mwenye mfuko chini ya mdomo, ambaye mgongo wake una waridi hafifu unaoonekana anapopaa. Kati ya Usinge na Uvinza abiria wengi wamewabishania ndege hawa dirishani mpaka treni imewapita.

Heroe anayepita njia anaweza kutua popote kwa siku moja au mbili. Ukiwa na picha inayoonyesha mdomo, itunze. Bila mdomo ni vigumu kuamua.

12. Basi sisi tuna ndege gani wa kuwavutia watu?

Tunaye korongo-nyangumi. Ni ndege wa kijivu anayefikia urefu wa sentimita 140, mwenye mdomo mpana mno wenye ncha ya ndoano. Malagarasi-Muyovozi, yenye ukubwa wa takriban hekta milioni 3.25 na inayogusa mikoa ya Kigoma, Tabora na Shinyanga ya zamani, ni miongoni mwa makazi yake muhimu. Duniani kote hukadiriwa kubaki 5,000 hadi 8,000 tu, na amewekwa katika kundi la walio hatarini. Hutaga kwa kawaida mayai mawili, na mara nyingi hukua kifaranga mmoja tu.

Mvuvi anayekagua migono yake alfajiri kwenye vijia vya maji kati ya mafunjo humfahamu kuliko mtaalamu yeyote. Ndege husimama bila kutikisika kwa muda mrefu mno, mdomo ameuegemeza kifuani, mpaka kamongo au kambale apande juu kuvuta hewa. Hapo humwangukia kwa mwili wote, mabawa yakiwa wazi, na huinuka na samaki pamoja na fungu la majani, ambalo hulidondosha polepole pembeni mwa mdomo kabla ya kumeza.

Tatizo ni kwamba kila kinachompa heroe umaarufu (swali la 4), korongo-nyangumi hana. Huishi peke yake, mafichoni, mbali na barabara. Hatutarajii afanye kazi ya heroe ya kuleta umati. Ila kuna faida: anachokula ndicho tunachokula. Palipo na kambale na kamongo wa kumtosha yeye, mvuvi wa Ziwa Sagara naye ana cha kupeleka Kaliua, na hoja hiyo haihitaji mtalii yeyote ili ieleweke.

13. Eneo likishaitwa la Ramsar, wavuvi na wafugaji hufukuzwa?

Orodha ya Ramsar yenyewe haimfukuzi mtu. Inaitaka nchi itunze eneo kwa matumizi ya busara, na uvuvi ni mojawapo ya matumizi hayo. Kinachozuia watu ni sheria nyingine zinazokaa juu ya ardhi ileile. Ndani ya Malagarasi-Muyovozi kuna mapori ya akiba, misitu ya hifadhi na ardhi za vijiji, na upande wa Ugalla kuna Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla iliyotangazwa mwaka 2019. Kila moja ina masharti yake, kwa hiyo kabla ya kupeleka mtumbwi au ng'ombe mahali, uliza kwanza mahali hapo pana hadhi gani kisheria.

Ugomvi mwingi tunaousikia unatokana na kutoelezwa mpaka uko wapi. Kwa upande mwingine, madhara ni ya kweli: nyavu za macho madogo, mbuga kuchomwa moto kila kiangazi, mifugo mingi kuingizwa kwenye mafunjo, na miyombo kukatwa kwa ajili ya mashamba na kukaushia tumbaku kwenye mabani, hata udongo ukatiririkia mtoni. Ufugaji nyuki, ambao Tabora inaujua tangu zamani, ni miongoni mwa shughuli chache zinazomfanya mtu atake miti ibaki imesimama.

14. Mwambao wa Ziwa Tanganyika nao ni ardhioevu?

Ndiyo, hasa kwenye midomo ya mito: delta ya Luiche karibu na Ujiji, na delta ya Malagarasi karibu na Ilagala. Maeneo haya yanafanya kazi inayofanana na ya delta za baharini. Huchuja udongo kabla haujafika ziwani na kuwapa samaki wachanga pa kujificha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ziwa lilipofurika kuanzia mwaka 2020 na kuingia majumbani, wengi ndipo walipoelewa mita hizo zilikuwa za nini.

## Kwenda kuwaona

15. Mtu wa Tabora au Kigoma aende wapi kuwaona heroe kwa urahisi?

Singida. Maziwa ya Singidani na Kindai yako ndani ya mji wenyewe, maji yake ni ya chumvi, na heroe huonekana hapo bila gharama ya hifadhi. Uliza kwanza kwa mtu aliyeko huko, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 7. Wenye safari ndefu zaidi wana Ziwa Manyara, Kreta ya Ngorongoro na maziwa ya Momela.

16. Nisogee umbali gani?

Kundi likianza kuinua vichwa na kutembea upande mmoja kwa pamoja, umeshavuka. Rudi nyuma na ukae chini. Usirushe droni juu yao, na usiwashtue ili upate picha ya wakipaa. Mahali wanapozaliana usiende kabisa: kila jozi hutaga yai moja tu juu ya kichuguu cha tope, na koloni likishtuka linaweza kuyaacha mayai yote.

## Hali zisizo za kawaida

17. Shule yetu inatengeneza bango la Siku ya Ardhioevu. Tumchore heroe?

Kwa shule ya Uvinza, Kasulu au Urambo, tungeshauri msimchore peke yake. Mwanafunzi akimwona heroe kwenye bango la Malagarasi ataamini kwamba ardhioevu ni kitu cha mahali pengine. Mchoreni korongo-nyangumi, au kamongo, au nzohe anayetembea juu ya mafunjo kwa kwato zake ndefu. Heroe awekwe kwenye kona, akieleza kilichofanyika Natron.

18. Hatuwezi kuwaleta heroe hapa na kuwafuga, ili watalii waje?

Hapana. Kukamata na kumiliki ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Hata kibali kikipatikana, mazingira hayafai (swali la 9), na ndege wangeondoka au kufa.

19. Nimemkuta heroe ameanguka shambani. Nifanye nini?

Huenda amechoka njiani usiku. Akiwa hai, zuia mbwa na watoto wasimkaribie, na mpigie afisa wanyamapori wa wilaya. Akiwa amekufa, usimshike kwa mikono mitupu wala usimle, kwa sababu ndege wa majini wanaweza kubeba mafua ya ndege. Toa taarifa kwa afisa mifugo.

Mtazame miguuni. Heroe wa Camargue wamekuwa wakivishwa pete zenye herufi na namba tangu mwaka 1977, na ndege wa maeneo mengine pia huvishwa. Ukiiona pete, piga picha inayosomeka, andika tarehe na jina la kijiji, na uikabidhi pamoja na taarifa yako. Usiikate pete ya ndege aliye hai.